Mizinga Yako Nimeiteka, Mkumbo

Mkumbo, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Ulipokuwa hai nilikuzidi miaka miwili, na sasa nakuzidi zaidi kila siku inayopita, maana wewe umegoma kusogea. Ukitaka heshima, amka uje uidai.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Najua unasema, Hamisi Ntandu anajua kuandika nini zaidi ya kumpiga ng'ombe chapa. Umesahau kwamba kwenye darasa la ngumbaru nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa sita, na watatu walikuwa wanasinzia, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Herufi zangu zinakwenda upande kama mtu aliyetoka kilabuni, ila zinafika. Nimekaa nje ya tembe, daftari kwenye goti, kuku wa mke wangu Mwajuma wananidonoa vidole vya miguu wakidhani ni mahindi. Mwenyewe ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia Mkumbo. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Msalimie. Mwambie sufuria yangu aliyoazima bado iko kwao." Basi umesalimiwa.

Nina habari za mizinga yako. Na ndani ya habari hizo kuna neno moja ambalo nimeshawaambia watu wote wenye masikio hapa Mgori, lakini mwenye haki ya kulisikia kwanza ulikuwa wewe. Nitafika. Usinikimbize, unajua mimi huzunguka.

Nianze na siku tuliyokuzika. Mvua ilikuwa ile ya kukera, hainyeshi wala haikatiki. Mchungaji wenu alisali vizuri, na mimi Muislamu nikasema yangu pembeni kwa sauti ya chini. Halafu nikafanya kazi ya mtani. Nilijilaza mlangoni jeneza lisitoke. Mimi Mnyaturu nikawaambia watu kwamba huyu Mnyiramba hakufa, ni uvivu tu, ameona palizi ya alizeti imekaribia akaamua kulala moja kwa moja. Shemeji Naomi alicheka huku machozi yanamtiririka, akaniambia, "Ondoka hapo wewe mzee mbaya, mwenzako anachelewa." Nikaondoka. Nilifurahi amecheka. Mimi sikuweza kucheka, lakini hilo hakuna aliyeliona, na wewe usimwambie mtu huko.

Tulipotoka makaburini, watu wakakaa, ndipo mdogo wako Elia akasimama kusema habari ya mizinga. Unamjua Elia, hasemi mpaka awe amefikiri siku tatu. Akasema hivi: "Mizinga ya marehemu imeoza. Watoto wa nyuki wanakufa wanakuwa mawe. Kaka alianza kukohoa wakati huo huo nyuki walipoanza kufa. Sasa ameondoka, na wao wanamfuata. Ichomwe yote, mapema, kabla haijavuka korongo kuja kwangu."

Nikatazama watu. Vichwa vyote vinakubali. Hata Naomi alikuwa ameinamisha macho. Na kusema kweli Elia hakuwa na ubaya. Mizinga yake ipo ng'ambo ya korongo tu, nyuki wanaruka, hawana mpaka. Lakini mimi niliona kitu kimoja. Niliona mizinga ambayo wewe uliichonga kwa shoka, mmoja mmoja, tangu tuna meno yote, inakwenda kuwa majivu kwa siku moja, na watu wanarudi nyumbani kula ugali. Damu ikanipanda. Nikasema moyoni, kifo kimechukua mtu, sasa kinataka na vyombo vyake? Hapana. Hiki kifo kina tamaa.

Basi nikasimama, nikaenda ukutani ulipotundika kamba yako ya kupandia na lile bomba la kuwafukizia nyuki moshi, nikavichukua, nikavaa kamba shingoni. Nikasema, "Mimi ni mtani. Mizinga ya Mkumbo nimeiteka. Yote, ya juu na ya chini, mizima na migonjwa. Asiikaribie mtu na kiberiti mpaka nimekombolewa."

Kuna mwanamke akaguna. Unajua mwenyewe, kwetu huku mtani akishateka kitu cha marehemu, kimetekwa. Unaweza kumtukana, unaweza kumwagia maji, lakini kumpokonya huwezi mpaka umpe anachotaka. Kwa kawaida tunateka kiti, au kofia, au jogoo. Mizinga mizima hakuna aliyewahi kuiteka. Nimeanza mimi, iandikwe.

Elia akauliza, taratibu kama kawaida yake, "Haya mtani. Unataka nini tukukomboe?"

Nikasema, "Kibuyu kimoja cha asali."

"Nitakuletea kesho kutoka kwangu."

"Yako siitaki, ina ladha ya ubahili. Nataka asali ya mizinga hii hii ya Mkumbo."

Watu wakaangua kicheko, msibani, Mkumbo, ungependa. Maana kila mtu alijua mizinga hiyo haina asali hata ya kulamba. Elia peke yake hakucheka. Akasema, "Mpaka lini?" Nikamwambia mpaka mavuno ya mwezi wa sita. Akasema, "Na isipotoa?" Nikajibu kwa kiburi changu chote kwamba isipotoa, nitaichoma mwenyewe, na mizinga yangu juu yake. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mashahidi mnasikia." Wakasema tunasikia.

Nikarudi nyumbani na kamba shingoni. Mwajuma alinitazama akasema, "Umejifunga wewe."

Sasa nikukumbushe tulikotoka, ingawa ulikuwepo, maana naona kama nikikukumbusha unakuwa bado upo.

Unakumbuka masika ya mwaka juzi, ile mvua iliyokataa kwenda? Tulikuwa tumeshusha mzinga wako wa kwenye mti wa karibu na kisima. Ulifungua kifuniko, ukatoa kipande cha sega lenye watoto, ukakitikisa karibu na sikio langu. Kikalia kama punje za mahindi ndani ya kopo. Ukatoboa kwa kijiti ukadondosha kiganjani. Majana, wale watoto wa nyuki ambao wanatakiwa wawe laini kama uji, walikuwa wamekauka, wagumu, weupe kama vipande vya chaki, wengine wameota weusi juu yao. Ukasema, "Mtani, watoto wamekuwa mawe." Sijawahi kukusikia ukisema kwa sauti ile. Hata siku ulipozika mama yako hukuwa na sauti ile.

Na mimi nikafanya nini? Mimi ambaye kila jambo nalijua. Nikakwambia hiyo ni kama ndama anayehara, ni vijidudu, na vijidudu dawa yake ninayo. Ule unga wa njano tunaowapa ndama. Nikakuhesabia ndama wote niliowaponya, nikaongeza na watano ambao hawakuwepo. Wewe ukakaa juu ya jiwe, ukafikiri, ukasema maneno manne tu: "Nyuki si ng'ombe, mtani."

Nilikucheka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Nikakwambia Mnyiramba ukimpa dawa atauliza kama ina pilipili. Na kwa sababu ulikuwa unanipenda, na kwa sababu ulikuwa umeshaanza kukohoa na huna nguvu ya kubishana na mdomo wangu, ukaniacha. Nikakoroga unga kwenye maji ya sukari, tukaweka kwenye kila mzinga. Kila mzinga isipokuwa ule mmoja wa kwenye mninga mrefu kule bondeni, ambao magoti yetu yote manne yalikataa kuufikia. Tukasema huo tutapanda wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika.

Wewe ukafa katika mvua za mwisho wa mwaka uliofuata. Mimi nikabaki na mizinga yako, na ahadi yangu ya mdomo, na kopo la unga wa njano ambalo lilikuwa bado na nusu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilipoona nimejifunga mbele ya watu, nikaongeza dawa. Nikasema kama kidogo hakikufaa, basi kingi kitafaa. Niliwanywesha mara mbili kwa siri. Majana yakazidi kufa. Mizinga kadhaa ikawa kimya kabisa, unaweka sikio kama unasikiliza gogo. Kila nikitoka porini nakutana na Elia njiani. Haulizi kitu. Anatazama mikono yangu tu kama nimebeba asali, anasema, "Habari za porini, mtani," anapita. Ile adabu yake ilikuwa inanichoma kuliko nyuki.

Mwezi wa pili ndipo akaja Rehema. Huyu ni Bwana Nyuki wetu mpya wa wilaya, ila ni binti, kwa hiyo hatujui tumwite nani, tunamwita Bibi Nyuki na yeye anacheka. Alikuja na pikipiki, amevaa buti, akapiga goti kwenye tope akaniamkia shikamoo babu. Nikasema huyu amelelewa. Alikuwa anafuata habari za ugonjwa, wenzake wa maabara walikuwa wanataka kujaribu kitu kipya. Alishuka na mimi bondeni, akatazama mizinga yako mmoja mmoja. Akasema hayo mawe ni ukungu. Ukungu huu huu, kama wa kwenye mkate uliosahaulika, unaingia kwa mtoto wa nyuki wakati wa baridi na maji mengi, unamla kutoka ndani, unamkausha. Hakuna aliyeloga. Nyuki hawakumfuata mtu.

Nilitaka kukimbia kwa Elia saa ile ile nimwambie. Lakini Rehema akauliza swali jingine.

"Babu, mmewahi kuwapa dawa yoyote hawa?"

Nikasema, "Sisi? Sisi ni watu wa asili, mjukuu wangu. Nyuki wetu wanakunywa umande."

Umande, Mkumbo. Nilisema umande.

Akaandika kwenye daftari lake. Halafu tukafika kwenye mninga mrefu. Mzinga wa juu ulikuwa unavuma kama mashine ya kusaga, nyuki wanaingia na kutoka na miguu imejaa chavua. Rehema akainua macho kuutazama. Akasema, "Huu una nini ambacho mingine haina?" Nikamwambia labda upepo. Akachukua kamba yako, akavaa nguo zake za kujikinga, akapanda. Watu nawaambia nilipanda mimi. Wewe nakwambia kweli, nilishika kamba chini na kutoa ushauri. Alishuka na kichupa cha nyuki kutoka huko juu, na vichupa vingine kutoka kwenye mizinga migonjwa, akaondoka navyo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa. Mwajuma akamkaribisha uji, tukakaa hapa hapa ninapoandikia. Akaanza kutueleza na mimi nikawa naitikia kama mtu anayejua. Alisema tumboni mwa nyuki kuna vijidudu, lakini si wabaya, ni wema. Wanaishi humo, nyuki anawalisha na wao wanamlinda. Nyuki wanaolea watoto wanawapitisha kwenye chakula cha watoto, na vijidudu hao wanaufukuza ukungu, wanaunyima nafasi. Sasa wale nyuki wa mzinga wa juu walikuwa wamejaa vijidudu wema. Wale wa chini walikuwa karibu watupu. Akasema, "Babu, sielewi. Matumbo yao yamefagiliwa. Huwa tunaona hivi pale tu nyuki wakipewa dawa ya kuua vijidudu."

Nikanywa uji. Ulikuwa wa moto, nikaunywa hivyo hivyo.

Rehema akaendelea, anamgeukia Mwajuma sasa, akasema ni kama maziwa ya mgando, bibi. Ukimaliza unabakiza kidogo chini ya kibuyu, ukimimina mapya yanaganda vizuri, kwa sababu ile mbegu ya zamani inakataza uchafu usiingie. Mwajuma alikuwa anapepeta uwele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Hamisi. Ule unga wa ndama uliokuwa juu ya kenchi, ulikwenda wapi?"

Mkumbo, mimi nimewahi kukutana na chui kule msituni uso kwa uso, hadithi unaijua, umeisikia mara mia na kila mara chui anakua. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa ungo ule uliosimama kupepeta.

Ningeweza kudanganya. Unajua ninavyoweza. Ningesema panya, ningesema mvua. Lakini nikaona jambo. Rehema alikuwa ameshatuambia kwamba wenzake wamezikuza hizo mbegu za tumboni kutoka kwa nyuki wako mwenyewe wa juu, wamezifanya unga, na anataka kuwalisha nyuki wagonjwa. Na mimi nilikuwa na kopo kule ndani, na ningeendelea kuwapa, maana nilikuwa nimekusudia. Yeye angeweka mbegu asubuhi, mimi ningeiua jioni. Tungefika mwezi wa sita na yeye hajui kwa nini imeshindikana, na mimi ningejua. Nyuki wako wangekwisha kwa sababu Hamisi Ntandu hawezi kusema amekosea.

Nikaweka bakuli chini. Nikasema, "Niliwapa mimi. Mkumbo alinikataza."

Mwajuma akashusha ungo akasema, polepole, wala hakusema kwa hasira, "Kwa hiyo mliosha kibuyu kwa sabuni."

"Niliosha mimi," nikasema. "Yeye alishika taa." Hata hapo nilijaribu mzaha, ukakatika katikati.

Rehema hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema wengi wanafanya hivyo, akaniomba kopo. Nikaenda nikalitoa. Akaniambia mabaki ni ya ndama na si ya nyuki, na hata ndama nimuulize kwanza daktari wa mifugo. Nimekuwa mtu wa kuuliza kwanza, Mkumbo. Dunia imekwisha.

Tukaanza kazi upya. Tuliacha wiki kadhaa dawa yangu iwatoke. Kisha akaleta ule unga wake, mweupe, unanuka kidogo kama mgando, akauchanganya na sukari na chavua mpaka ukawa kama ugali laini. Tunashusha mzinga kwa kamba, tunafungua kifuniko, tunabandika tonge ndani, tunafunga. Ila kulikuwa na sharti lililonitoa jasho. Nusu ya mizinga iliyobaki tuliipa tonge lenye mbegu, nusu nyingine tonge tupu la sukari na chavua. Nikamuuliza, mjukuu wangu, una wagonjwa kumi na wawili, unawapa dawa sita, wengine unawapa maandazi? Akasema tusipofanya hivyo hatutajua kama ni mbegu iliyowaponya au ni jua tu limetoka. Akachora alama nyekundu kwa hawa na nyeupe kwa wale.

Nakiri nilisimama siku moja na tonge la mbegu mkononi mbele ya mzinga wenye alama nyeupe. Ule wa karibu na kisima, ule wa kwanza. Hakuna mtu, ni mimi na wewe tu pale. Mkono uliinuka. Halafu nikakumbuka mara ya mwisho mkono huu ulipojua kuliko watu wote. Nikaushusha. Nadhani ulicheka.

Mzinga ule wa kisima ulikufa, na mingine mitatu ya alama nyeupe. Nisikufiche. Na miwili yenye alama nyekundu nayo ilikufa, ilikuwa imechoka mno. Miwili ya alama nyeupe ikapona yenyewe kwa ukaidi tu, nadhani ni nyuki wa Kinyaturu. Lakini ile mingine yenye mbegu, Mkumbo. Mwezi wa nne nikaona nyuki wanatoa mawe nje, wanayaburuta mlangoni na kuyadondosha, kazi siku nzima kama watu wanaohama. Mwezi wa tano nikatikisa sega karibu na sikio, halikulia. Nikatoboa kwa kijiti, ikatoka kama uji. Nilikaa chini ya mti nikalia, na kama utamwambia mtu nitasema ni moshi.

Rehema akanionya nisiende kutangaza kwamba dawa imepatikana. Akasema mizinga ni michache, wanapaswa kujaribu kwingine na kwingine. Kumnyima mtu kama mimi kutangaza ni kumfunga mbuzi mdomo katikati ya shamba la kunde. Nimejitahidi. Nasema, "Inaonekana imesaidia." Mara ya kwanza kusema hivyo ulimi uliniuma.

Mwezi wa sita ukafika. Elia akaja, na mashahidi wake, na watu wengine ambao hawakualikwa, maana nusu ya Mgori ilitaka kuona Hamisi akichoma mizinga yake mwenyewe. Naomi alikuja amevaa kitenge kile cha bluu ulichomnunulia Ikungi. Tulishusha mzinga wa alama nyekundu kutoka kwenye mti wa pili. Nikapuliza moshi. Nikafungua. Mkumbo, masega yamejaa mpaka kwenye kifuniko, yamefungwa kwa nta nyeupe. Tulitoa, tukaacha sehemu yao, tukakamua. Kibuyu kikajaa, na kingine, na sufuria, sikumbuki ni ya nani, huenda ni ya Mwajuma.

Naomi akakichukua kibuyu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaja mbele yangu. Akasema, "Mtani, ukombozi wako huu hapa. Tuachie mizinga yetu."

Watu wakasogea kunisikiliza. Ilikuwa saa yangu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno tangu mwezi wa nne, jinsi nilivyopigana na kifo, nikakishika masikio, nikakirudisha mikono mitupu. Yalikuwa maneno mazuri. Nikamtazama shemeji, nikatazama kile kibuyu, na maneno hayo nikayaacha.

Nikasema, "Shemeji, subiri usinipe. Mizinga hii haikumfuata mumeo. Niliiua mimi. Dawa ya ng'ombe ilikuwa yangu. Yeye alisema nyuki si ng'ombe, na mimi nikamcheka."

Akasimama na kibuyu chake. Akauliza, "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa na kweli."

"Alikuwa na kweli."

Unajua nilifikiri atanimwagia asali usoni, na ningekaa nipakwe. Hakunimwagia. Miezi yote hiyo mjane wako alikuwa anabeba maneno ya watu kwamba mumewe alikuwa na mkosi, kwamba hata nyuki wameondoka naye, na kule kisimani wanawake wanamwachia nafasi pana ya kupita. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi nilikuwa nafikiria mizinga tu.

Akasema, "Sema tena. Geuka huku, ndugu zake wasikie."

Nikageuka nikasema tena. Akasema, "Kwa sauti, mbona kwenye uongo una sauti?" Nikasema kwa sauti, Mkumbo alikuwa na kweli, mimi nilikuwa na makosa, hakuna mkosi katika nyumba hii. Nilisema mpaka ng'ambo ya korongo wakasikia. Kuna mzee akaanza kucheka, kisha wote. Naomi naye akacheka, na safari hii hakukuwa na machozi. Akanisukumia kibuyu kifuani. Akasema, "Chukua. Umekombolewa na wewe."

Elia alisubiri watu watawanyike. Akatazama buti zake, akafikiri, siku tatu zake akazifanya dakika tatu. Akasema, "Mtani, kwangu nako nimeanza kusikia punje kwenye sega. Yule binti, anakuja lini tena?" Nikamwambia anakuja, na nitakushikia kamba. Hatukusema habari ya kuchoma tena. Kiberiti alichokuja nacho aliwashia sigara.

Basi ndiyo hivyo. Nimelisema kwa walio hai, sasa nalisema kwako, peke yetu, bila wa kucheka. Ulikuwa na kweli. Nilikucheka ukiwa mgonjwa, na ulikuwa na kweli. Miaka yote tuliyotembea pamoja sikuwahi kukwambia neno hilo, na nimesubiri mpaka huwezi kulijibu, hiyo ndiyo tabia yangu. Nisamehe, mtani. Usiposamehe vilevile nitaelewa, lakini sitaacha kukusumbua.

Usidhani nimenyenyekea sana. Kifo sijakipigia magoti na sina mpango. Kilikuja kuchukua mtu na kikataka kuondoka na nyuki, na jina, na usingizi wa mjane. Nyuki tumekinyang'anya. Jina lako tumelirudisha. Naomi anateka maji na wenzake, wanapiga soga. Kimebaki na wewe tu, na hilo nalo nakilaumu kila asubuhi nikipita bondeni, kwa sauti, watu wanadhani nimezeeka.

Nakuahidi hili, na sitakawia kulianza. Kesho ni mnada Ikungi. Nitakwenda kusimama pale wafugaji wanaponunua dawa za mifugo, na kila mwenye mizinga nitamshika mkono nimwambie asiibebe hiyo kwenda porini. Wataniuliza, mzee, wewe ni daktari? Nitasema hapana, mimi ni yule aliyekosea. Nitawaeleza mwanzo mpaka mwisho, na chui sitamtia, labda kidogo. Watacheka. Waache wacheke, mtu anayecheka anasikiliza. Na mnada ujao nitakwenda tena, na unaofuata, mpaka wanichoke.

Lala, Mkumbo. Mimi bado nina watu wa kuwaudhi.

Mtani wako,
Hamisi Ntandu